Milango Miwili ya Fifth Avenue: Kisa cha Harlem na Wasimamizi wa Maonyesho, 1968–1969

Septemba 1968, wakazi wa Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi jijini New York, walipanda ngazi kwenda kwenye ghorofa ya kupanga iliyokuwa juu ya duka la pombe, namba 2033 Fifth Avenue, jirani na Barabara ya 125. Walikuwa wamesikia kwamba mtaa wao sasa una jumba lake la sanaa, Studio Museum in Harlem. Kule juu walikuta taa. Balbu za rangi zilizopangwa ndani ya maumbo yenye pembe na kufunikwa kwa plastiki za taa za magari, zikiwaka na kuzimika kwa zamu kwa mpango wa kifaa cha umeme. Hapakuwa na sura ya mtu hata moja. Hapakuwa na mtaa, wala mama na mtoto, wala kiongozi aliyeinua ngumi. Msanii mwenyewe, Tom Lloyd, alikuwa Mmarekani Mweusi, na maonyesho aliyaita "Electronic Refractions II". Baadhi ya watu wa mtaa waliuliza bila kuficha: haya yanatuhusu nini sisi?

Miezi minne baadaye, tarehe 18 Januari 1969, mwendo wa kama kilomita 3.5 kusini kwenye barabara hiyohiyo, Metropolitan Museum of Art, maarufu kama Met, ilifungua "Harlem on My Mind", maonyesho makubwa kuhusu maisha ya Harlem tangu 1900 hadi 1968. Humo sura za watu wa Harlem zilijaa kuta kuanzia chini hadi juu. Nje, kwenye baridi ya Januari, wasanii Weusi walikuwa wakizunguka na mabango, wakiwaomba watu wasiingie.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kinapindua matarajio. Maonyesho yaliyojaza watu wa Harlem ukutani ndiyo yaliyowaumiza, na jumba lililoanza bila sura hata moja ndilo lililokuja kuwa lao. Ukitaka kuelewa imekuwaje, inabidi umtafute mtu ambaye mgeni wa maonyesho hamwoni: msimamizi wa maonyesho. Makumbusho mengine humwita mhifadhi. Ni yule anayeamua kipi kitoke ghalani na kipi kibaki, kipi kikae mkabala na mlango na kipi kikae konani, na maneno gani yaandikwe kwenye kile kikaratasi kilicho pembeni ya kazi.

Kamati iliyoitwa kazi ikiwa imeshapangwa

Mkurugenzi wa Met wakati huo, Thomas Hoving, alikuwa ameshika kiti hicho mwaka 1967, akitokea kusimamia bustani za jiji. Alitaka makumbusho yale yaliyozoeleka kama nyumba ya matajiri yafunguke kwa mji mzima. Sioni sababu ya kulitilia shaka jambo hilo. Kazi alimkabidhi Allon Schoener, Mmarekani Mweupe kutoka baraza la sanaa la jimbo la New York, ambaye mwaka 1966 alikuwa ametengeneza maonyesho yaliyopendwa sana katika Jewish Museum kuhusu Lower East Side, mtaa wa wahamiaji wa Kiyahudi. Mbinu yake ilikuwa picha za kamera zilizokuzwa, sauti, vipande vya magazeti, na mgeni kutembea katikati yake kana kwamba yumo ndani ya mtaa wenyewe.

Mbinu hiyohiyo akaihamishia Harlem, na nadhani hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa. Maonyesho ya 1966 yaliishia mwaka 1925, na yalikuwa ndani ya jumba la Wayahudi wenyewe. Wengi walioingia walikuwa wakitazama nyumba ya babu zao. Harlem ya 1968 haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa hai, na ilikuwa na wachoraji na wachongaji waliokuwa wakifanya kazi wiki hiyohiyo, waliotaka kazi zao zionekane katika jumba la sanaa kama kazi za sanaa.

Schoener hakuwasahau watu wa Harlem katika mipango yake. Aliwashirikisha watafiti Weusi, na kulikuwa na kamati za ushauri. Harlem Cultural Council, baraza la utamaduni la mtaa huo, iliunga mkono mwanzoni. Jean Blackwell Hutson, aliyesimamia mkusanyo wa Schomburg kwenye maktaba ya Barabara ya 135, alikuwa miongoni mwa washauri. Huyu mama alikuwa ameishi na vitabu, barua na picha za watu Weusi tangu alipokabidhiwa mkusanyo ule mwaka 1948. Kama kuna mtu aliyestahili kuitwa msimamizi wa maonyesho kuhusu Harlem, alikuwa yeye. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa iliwekwa pembeni. Washauri walikuta mambo makubwa yameshaamuliwa: umbo, mbinu, mwisho wa hadithi. Novemba 1968 baraza lile likajitoa, na Hutson naye akaondoa mkono wake.

Ukiwauliza wasanii walichokilalamikia, jibu lilikuwa fupi. Maonyesho kuhusu Harlem, ndani ya jumba kuu la sanaa la Marekani, hayakuwa na mchoro mmoja wala sanamu moja iliyotengenezwa na msanii wa Harlem. Harlem ile ambayo mwaka 1937 ilifungua Harlem Community Art Center chini ya mchongaji Augusta Savage. Harlem aliyokulia Jacob Lawrence, mchoraji wa mfululizo wa paneli 60 kuhusu Wamarekani Weusi waliohama kusini kwenda kaskazini. Mchoraji Romare Bearden alikuwa hai, mchoraji Norman Lewis alikuwa hai. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: Met yenyewe ilikuwa na mchoro wa Lawrence, "Pool Parlor", tangu mwaka 1942. Basi haiwezi kusemwa kwamba kazi hazikuwepo. Angalau moja ilikuwa mali ya jumba lenyewe.

Mchoraji Benny Andrews na wenzake walikutana mapema Januari wakaunda Black Emergency Cultural Coalition. Siku chache kabla ya ufunguzi walikuwa wameshaanza kuandamana mbele ya Met. Dai lao kubwa halikuwa la kuongezewa michoro michache. Walitaka Wamarekani Weusi waajiriwe katika nafasi za kuamua, ikiwemo usimamizi wa maonyesho. Walikuwa wameona mzizi uko wapi.

Picha ya James Van Der Zee

Hapa naomba tukae kidogo, maana suala zima limo ndani ya picha za mzee mmoja.

James Van Der Zee alizaliwa mwaka 1886. Kwa miongo mingi alikuwa na studio Harlem, akipiga picha za harusi, vyama, makanisa, wanajeshi waliorudi vitani, watoto, na maiti wakiwa wamelazwa kwenye majeneza. Mtafiti Reginald McGhee alipomkuta mwishoni mwa 1967, mzee alikuwa amepita miaka 80, kazi imedorora, na nyumba imejaa maboksi ya negativu, yaani nakala asili ambazo picha huchapwa kutoka kwazo. Picha zake zikawa nguzo ya maonyesho. Hakuna mpiga picha mwingine aliyetoa nyingi kama yeye.

Chukua ile maarufu ya mwaka 1932. Mwanamume na mwanamke wamevaa makoti marefu ya manyoya, gari jeusi la Cadillac linang'aa, mmoja ameketi ndani mlango ukiwa wazi na mwingine amesimama nje. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, lakini kwenye picha hakuna dalili ya unyonge. Van Der Zee alifanya hivyo kwa makusudi. Alichagua mandhari ya nyuma, alimpanga mteja mkono kwa mkono na kidevu kwa kidevu, kisha akarudi kwenye negativu kwa kalamu na kikwaruzio: akaongeza mkufu pale shingo ilipokuwa tupu, akachora moshi ukipanda kutoka kwenye sigara. Alikuwa akiwapa watu sura waliyoitaka wao wenyewe. Huo ni usanii kamili, wa mtu anayejua anachokitaka kutoka kwenye karatasi.

Sasa ikuze picha ya namna hiyo hadi ifunike ukuta, iweke kati ya takwimu za mwaka na sauti inayotoka kwenye spika, halafu mgeni aipite akielekea chumba kinachofuata. Mkufu uliochorwa kwa mkono unageuka kuwa ushahidi kwamba mikufu ilikuwepo. Aliyeitengeneza anageuka kuwa shahidi wa enzi. Hakuna mtu aliyegusa picha, ila maana yake imehama, na aliyeihamisha ni yule aliyeamua ukubwa wake na jirani yake ukutani. Ninapotaka kumweleza mtu nguvu ya msimamizi wa maonyesho, huwa natumia mfano huu. Hahitaji kuandika neno lolote. Kipimo cha karatasi kinatosha.

Roy DeCarava, mpiga picha mzaliwa wa Harlem, aliliona hilo mapema. Alikataa kushiriki, akaungana na waliobeba mabango. Van Der Zee alikubali, na siwezi kumlaumu. Jina lake watu wengi walilijua kwa mara ya kwanza mwaka ule, na umaarufu wa mzee ulianzia pale. Lakini mwaka uleule wa 1969 yeye na mkewe walifukuzwa kwenye nyumba yao. Sura za wateja wake zilikuwa zimejaza kuta za Met, naye vyombo vyake vikatolewa nje.

Kulikuwa pia na televisheni iliyounganishwa moja kwa moja na Harlem. Wageni wa Met waliweza kuwatazama watu wakipita kwenye kona ya Barabara ya 125 na Seventh Avenue muda huohuo. Schoener aliiona kama daraja. Mimi nikifikiria mtu aliyekuwa akivuka barabara na mfuko wake wa sokoni bila kujua anatazamwa kutoka jumba ambalo pengine hajawahi kuingia, siioni kama daraja. Daraja hupitwa pande zote mbili.

Haki itendeke lakini. Mamia ya maelfu ya watu waliingia, wengi wao Wamarekani Weusi waliokuwa wakikanyaga Met kwa mara ya kwanza, na wapo waliotoka na fahari ya kweli kwa kuona bibi zao wakiwa wakubwa kama wafalme. Watu hao hawakudanganyika. Maonyesho yanaweza kumgusa mtazamaji na papo hapo yakamkosea msanii.

Kuhusu kitabu cha maonyesho nitasema machache. Utangulizi wake ulitokana na insha ya shule ya binti aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari. Ulikuwa na sentensi zilizosomeka kama chuki dhidi ya Wayahudi, na mji ukawaka moto, meya akiwa miongoni mwa waliolaani, hadi kitabu kikaondolewa. Baadaye ilijulikana kwamba mawazo yale binti aliyatoa kwenye kitabu cha wasomi wakubwa, na kwamba Schoener ndiye aliyemwelekeza aondoe alama za nukuu na marejeo ili maandishi yasomeke vizuri. Binti akabaki peke yake mbele ya lawama za jiji zima. Anayemwita mtu wa jamii aseme ana wajibu wa kumkinga, na hapa kinga iliondolewa kwa kalamu ya mhariri.

Juu ya duka la pombe

Turudi kaskazini, kwenye taa za Lloyd.

Si kweli kwamba Studio Museum ilichipuka kutoka Harlem peke yake. Miongoni mwa waanzilishi walikuwemo watu wenye uhusiano na Museum of Modern Art, Weupe kwa Weusi, na mkurugenzi wa kwanza alikuwa Charles Inniss. Wasanii ndio walioipa sura. Mchoraji William T. Williams alileta wazo la wasanii kupewa nafasi ya kufanyia kazi humohumo, na ndiyo maana jina lina neno studio kabla ya neno makumbusho. Yeye, mchongaji Mel Edwards na wenzao walishika zana wakaitengeneza ile ghorofa kwa mikono yao.

Halafu, kwa jumba linalofungua mlango kwa mara ya kwanza mbele ya mtaa wenye kiu ya kujiona, wakachagua taa. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Wakati ule mjadala ulikuwa mkali: je, msanii Mweusi ana wajibu wa kuchora watu wake na mapambano yao, au ana uhuru wa kutengeneza kitu chochote? Lloyd alishikilia kwamba kazi yake ni sanaa ya watu Weusi, japo haina sura ya mtu. Wengine hawakukubali kabisa, na waliokataa hawakuwa wajinga wa sanaa. Walikuwa watu waliokuwa wamechoka kutoonekana.

Kinachonivutia ni kilichofuata. Jumba halikuomba radhi kwa ajili ya taa, wala halikujifungia ndani ya taa. Mwaka huohuo wa 1968, Whitney Museum, jumba jingine la sanaa jijini New York, ilipofanya maonyesho kuhusu sanaa ya Marekani ya miaka ya 1930 bila msanii Mweusi hata mmoja, Studio Museum ilijibu kwa maonyesho yaliyoitwa "Invisible Americans", yaliyopangwa na Henri Ghent, ambaye alikuwa pia akiongoza Community Gallery mpya ndani ya Brooklyn Museum. Mwaka 1969 kukaja maonyesho ya wasanii wanne yaliyoandaliwa na Williams, kazi zisizo na sura za watu kwa mara nyingine. Mwaka huohuo kukaja "Harlem Artists 69", ukumbi ukajazwa wasanii wa mtaani. Ukiziangalia kwa pamoja, unaona jumba linalobishana na mtaa wake, na mtaa unaojibu.

Edward Spriggs, mshairi aliyekuja kuwa mkurugenzi mwaka 1969, aliusogeza mzani upande wa mtaa zaidi. Aliwaleta AfriCOBRA kutoka Chicago, kundi lililotaka picha zisomwe na mtu wa kawaida anayepita njiani: rangi kali, sura za Weusi, maneno ndani ya picha. Wapo waliosema amelifunga jumba katika itikadi moja. Mimi naona alifanya kile ambacho msimamizi wa jumba la jamii analazimika kufanya, yaani kuchagua upande na kubaki hapo kusikiliza malalamiko. Jamii haina sauti moja. Anayesubiri mtaa mzima ukubaliane ndipo apigilie msumari, hatapigilia. Na anayepigilia bila kuwasikiliza amejenga Met nyingine, ndogo tu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba msimamizi aondoke, wananchi wachague wenyewe. Kura ya mtaa isingeleta taa zile mwaka 1968. Wala sikubaliani na wanaosema utaalamu unatosha. Schoener alikuwa fundi hodari. Alichokosa ni mtu mwenye mamlaka ya kumwambia hapana akasikika. Washauri walisikilizwa mkutanoni tu. Mamlaka hawakuwa nayo. Tofauti ya milango ile miwili naiona hapo: kwenye mmoja, pingamizi la msanii lilibidi libebwe kwenye bango barabarani, na kwenye mwingine lingeweza kupanda ngazi likawa maonyesho yanayofuata.

Whitney ililazimika kujifunza hilo kwa uchungu mwaka 1971. Iliandaa maonyesho ya wasanii Weusi bila msimamizi Mweusi, na wasanii kadhaa wakaondoa kazi zao. Lloyd naye, aliyeambiwa taa zake haziihusu jamii, mwaka uleule alianzisha Store Front Museum huko Jamaica, Queens, makumbusho ya mtaani kwa watu wa mtaani.

Yaliyofuata

Wazo la Williams ndilo lililodumu kuliko yote. Kila mwaka wasanii wachache hupewa studio, muda na posho, na kazi zao huonyeshwa. David Hammons alipita hapo, Kerry James Marshall alipita, na Wangechi Mutu wa Kenya alikuwepo mwaka 2003 hadi 2004. Mwaka 1982, chini ya Mary Schmidt Campbell, jumba lilihamia kwenye jengo lililokuwa la benki, Barabara ya 125, likiwa limeanza kukusanya kazi zake lenyewe. Mwaka 2001 Thelma Golden, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi, alipanga "Freestyle", akauzua upya ule mjadala wa msanii Mweusi na wajibu wake. Mwaka huohuo ulianza mpango wa vijana wa sekondari, "Expanding the Walls", ambao hadi leo unawafundisha kupiga picha na kupanga maonyesho yao wenyewe, wakianzia kwenye kazi za Van Der Zee. Kijana wa miaka 16 anakaa na picha ya harusi ya mwaka 1926, anajiuliza kwa nini mzee alimgeuza bibi harusi kidogo kuelekea dirishani, kisha anatoka na kamera yake. Binti wa 1969 hakupewa nafasi kama hiyo.

Novemba 2025 Studio Museum ilifungua jengo jipya kwenye eneo lilelile la Barabara ya 125. Miongoni mwa maonyesho ya ufunguzi zilikuwemo taa za Tom Lloyd, safari hii zikiwa na utafiti wa miaka nyuma yake.

Met nayo imesogea. Mwaka 2024 ilifanya maonyesho makubwa kuhusu mwamko wa sanaa wa Harlem, yakisimamiwa na Denise Murrell, mwanamke Mweusi, na safari hii michoro na sanamu ndizo zilizokuwa uti wa mgongo. Kabla ya hapo, mwaka 2021, Met na Studio Museum zilitangaza kwamba zitamiliki kwa pamoja hifadhi ya James Van Der Zee: picha zipatazo 20,000 zilizochapwa na negativu kama 30,000. Milango ile miwili sasa ina funguo za maboksi mamoja. Kila negativu itakapotolewa, wasimamizi wa pande zote mbili watalazimika kuketi waamue ichapwe kwa ukubwa gani, ining'inizwe jirani na nini, na majina ya nani yaandikwe chini yake.